Anwani ya Nne

Imetamkwa rasmi, kwa waraka uliopigwa muhuri mara mbili, kwamba mtandao wa ushirika wa kahawa una vifaa arobaini na kimoja, vyote vinajulikana, na vyote ni vya watu walio kazini.

Kilichosalia kilikuwa kuutia sahihi Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na mwenye kutia sahihi alikuwa Salesio Mutegi, fundi wa mtandao pale Makutano kwa miaka kumi na mmoja. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa hiyo hiyo. Bila sahihi, hakuna mkataba mpya.

Salesio alihesabu. Akapata arobaini na viwili.

Barua ya kompyuta ikipita kwenye waya huvaa bahasha yenye anwani mbili, ya mpokeaji na ya mtumaji. Ikifika kwenye antena ya stoo ya Nchiru ili irushwe ofisini, bahasha hiyo huchanwa, na barua ikavishwa nyingine ya hewani yenye anwani nne: antena inayodaka, antena inayorusha, anayeandikiwa, na mwisho kabisa mwandishi mwenyewe. Ikishatua inachanwa tena, inavishwa ya waya. Barua ya ndani haiguswi. Kama mafundi wengi, Salesio alikuwa akisoma anwani mbili za kwanza kisha anaenda kunywa chai.

Siku hiyo alisoma ya nne. Ilikuwa ya kadi ya mtandao ya kompyuta ya Njagi, karani wa stoo, aliyezikwa wiki tatu kabla. Anwani hiyo huchapwa kwenye kadi kiwandani, na kadi yenyewe Salesio aliing'oa kwa bisibisi siku ya pili baada ya mazishi. Ilikuwa mfukoni mwake.

Akachukua bodaboda hadi Nchiru. Stoo ilikuwa na kufuli; akaifungua. Ndani, waya wa meza ya Njagi ulining'inia bila kuchomekwa popote. Taa ya tundu lake kwenye kisanduku cha mtandao ilikuwa inapepesa, bila haraka.

Alirudi kwa meneja, mzee Nthiga, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, akamweleza.

"Kadi iko wapi, Baba Gacheri?"

"Hii hapa, mzee."

"Na inatuma?"

"Inatuma."

"Ukiwa umeishika?"

"Hata sasa."

Nthiga akasogeza kikombe chake kando. "Inasema nini?"

"Inauliza. Nani ana nambari thelathini na saba, anijibu."

"Ni ya nani hiyo?"

"Yangu. Na mashine yangu imekuwa ikimjibu wiki tatu nzima: ni mimi, niko hapa. Haijui kunyamaza."

"Wewe nawe! Nikaiambie bodi marehemu anakutafuta? Andika arobaini na kimoja, uende ukapumzike."

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Salesio alikuwa shemasi. Uongo hakuutia sahihi. Akachomoa waya wa mashine yake mwenyewe, akahesabu upya, akatia sahihi.

Vifaa vilikuwa arobaini na kimoja barabara. Cha Salesio hakikuwamo. Cha Njagi kilikuwamo.