Masanduku Matatu ya Kadi

Nakumbuka asubuhi moja ya Kolwezi, enzi za Zaïre, nilipoingia chumba cha kompyuta na masanduku matatu ya kadi, maringo tele. Mwanangu, uliponiambia unataka kompaila, ile inayotafsiri programu kwa lugha ya mashine, inakili kila kitendo cha maktaba yako ya programu mahali kinapoitwa ili programu iende mbio, nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kosa hilo nilikutangulia kulifanya.

Siku hizo programu tuliandika kwa kutoboa kadi. Yangu ilipanga orodha ya mabehewa ya mawe ya shaba, na ilichelewa. Nilibakiziwa nusu saa ya mashine. Ikishindwa tena, kazi ingerudi kwa makarani, nami ningerudi kutoboa kadi za wenzangu. Nilijua kila programu inapoita kitendo, yaani kipande cha maagizo kilichoandikwa pembeni, mashine huacha ilipo, huenda, hurudi. Basi nikafuta safari zote: kila kitendo nikakinakili kila kilipoitwa. Sanduku moja likawa matatu. Mtaka yote hukosa yote, mwanangu. Kumbukumbu ya mashine ikajaa, mashine ikawa inahangaika kuchukua vipande vya programu kwenye diski, na nusu saa ikaisha. Nililia, sikufichi.

Tata Ilunga, mkuu wetu, mzee wa tumbo na utani, hakunigombeza. Aliketi juu ya sanduku langu akasema:

“Mama, chumvi ya kila siku ulete mu nyumba yako. Lakini kinu ya jirani, ile unaombaka mara moja kwa mwezi, uiache kwake. We umehamisha jirani na nyumba yake yote.”

Kisha akaniagiza nihesabu kila kitendo kinaitwa mara ngapi. Nilikuwa nimeapa kwamba mzigo ni usomaji wa kadi. Wapi! Ni kile kidogo cha kulinganisha mabehewa mawili, mistari minne tu, kilichoitwa maelfu ya mara. Nikakinakili hicho peke yake, vingine nikavirudisha kwao.

Tata akanipa zamu yake mwenyewe ya mashine. Orodha ikaanza kuchapwa kabla nusu saa haijatimia, naye akacheza na tumbo lake katikati ya chumba, sisi sote nyuma yake. Furaha ile ninayo mpaka leo.

Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini hii nimeshaipotea mimi kwa ajili yako. Pima kwanza, usiapie unachodhani. Kitendo kidogo kinachoitwa kila mara kipachike pale kinapoitwa. Kikubwa cha nadra kiache kwao. Mungu akupe mikono mepesi, na akupe mkubwa atakayeketi juu ya sanduku lako akutanie, kisha akupe zamu yake.