Mwaka Wangu kwa Watani wa Uluguru

Sikuondoka Dar es Salaam kwa ajili ya biashara, wala sikuikimbia kodi ya Wajerumani kama wengi walioondoka miaka ile. Nilipelekwa na wakfu. Bibi mmoja tajiri wa mjini kwetu, Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya kupangisha, akausia kwamba pango lake limtunze kila mwaka mwanachuoni mmoja aliyekwisha kumaliza masomo na kupata ijaza ya kufundisha, aende bara akatafute elimu na desturi ambazo watu wa huko wanashirikiana na sisi wa pwani. Mwaka ule nilichaguliwa mimi. Msimamizi wa wakfu aliponiuliza nitatafuta nini, nilimjibu bila kusita: utani. Waluguru na Wazaramo ni watani tangu zamani, wanatukanana, wananyang'anyana vitu na kuzikana. Nilitaka kujua jambo hilo lilianzaje. Mama yangu alikuwa Mzaramo, lakini mimi nililelewa chuoni kwa shehe, na utani wenyewe niliuona mchezo wa watu wa sokoni tu.

Stesheni mama alinisindikiza, bado ana harufu ya vitumbua alivyouza asubuhi. Alinivika kofia aliyoishona kwa mkono wake msimu mzima wa masika. "Usije ukaipoteza, Saidi," akaniambia. "Macho yangu hayatamaliza nyingine." Treni ilipoanza kwenda sikuchungulia dirishani. Niliona haya kulia mbele ya watu.

Pugu, Ruvu, Ngerengere, kila tulipopita nilijiona nimezidi kuwa mbali, na cheche za moto zikanitoboa kanzu mahali pawili. Ndani ya behewa nilifahamiana na Juma, mchuuzi wa chumvi, Mzaramo kama mama yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka kati ya pwani na milima. Bila huyo sijui ningezungumza na nani.

Morogoro tulifika mchana. Milima imesimama nyuma ya mji karibu kabisa, ukiinua macho kutoka sokoni unaikuta, nusu yake imo mawinguni. Nililala kwa muuza nguo mmoja karibu na msikiti. Aliniuliza nakwenda kununua nini huko juu. Nilipomwambia nakwenda kujifunza, alicheka kwa adabu, akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi yake mimi na Juma tukashika njia ya Kiroka, kisha tukaanza kupanda. Mto mmoja tuliuvuka mara nyingi hata nikaacha kuvaa viatu. Migomba, halafu mahindi kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili kabla ya kusimama, halafu ukungu. Huko watu hawajengi pamoja kama sisi. Nyumba moja iko juu ya mgongo huu wa mlima, nyingine ng'ambo ya bonde, unaona moshi wa jirani lakini sauti yake huipati. Kibanda nilichopewa kilikuwa peke yake kwenye mgongo mmoja. Mwenyeji wangu, mzee Mkude, mtu wa maneno machache, alinikabidhi mkeka na chungu, Juma akatua gunia langu, akaenda zake.

Siku ile ile nilifanya kosa. Dada yake Mkude, Binti Kobelo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, alikuja na wenzake kunitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia marahaba. Alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu ndiye Mzaramo? Mbona mwembamba hivi? Kwenu mmemaliza kula panya?"

Wenzake wakacheka. Binti Kobelo akainyakua kofia yangu, akaivaa, akaanza kutembea kwa maringo ya kishehe. Nilijua kabisa ni utani. Ndio uliokuwa umenipandisha mlima! Lakini ilikuwa kofia ya mama, na damu ilinipanda kichwani. Nikamfokea mbele ya watu, nikamwambia arudishe kofia na aniheshimu, mimi ni mtu wa elimu.

Kicheko kilikatika. Binti Kobelo akaivua kofia, akaipangusa, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwalimu," akasema.

Tangu siku hiyo niliheshimiwa, na sijawahi kupewa adhabu kali kama heshima ile. Nilipopita, watu walisimama kando ya njia. Nilipouliza habari za utani, walinijibu, "Hayo ni mambo ya kipuuzi, mwalimu." Niliwasikia bondeni wakitaniana na Juma kila alipoleta chumvi, wakimnyang'anya mfuko, wakimwita mwizi wa kuku, wakimlisha hadi ashindwe kusimama. Mimi nililetewa chakula kimefunikwa vizuri, nikala peke yangu. Mvua za vuli zikaja, ukungu ukaingia hadi ndani ya kibanda. Nilikuwa nikisoma kwa sauti ili nisikie mtu akizungumza. Upweke ulinila. Nilimkumbuka mama kuliko nilivyomkumbuka nilipokuwa mtoto.

Masika yalipokaribia, Juma alipanda bila mzigo. Nilipomwona mikono mitupu, nikajua. "Saidi," akasema, "mama ametangulia. Homa. Wameshamzika, mwezi umepita." Alikaa nami siku ile, kesho yake akashuka, hakuwa na budi, akapita kwa Mkude kuacha habari. Nikafunga mlango nimsomee mama Yasini. Sikuweza kuimaliza. Kumlilia mama kwenye mlima ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua sura yake, jambo hilo simwombei adui yangu.

Asubuhi iliyofuata mlango ulisukumwa bila hodi. Binti Kobelo aliingia na wanawake wenzake, kuni kichwani, majani ya maboga mikononi. Hawakunipa pole. Mmoja aliwasha moto, mwingine akafagia hadi chini ya miguu yangu. Binti Kobelo alijitwisha ungo, akainamisha mgongo, akanijia akijikongoja.

"Saidi mwanangu," akasema kwa sauti ya kizee, "umekula? Mbona umekonda, hao Waluguru wanakunyima? Kofia yangu iko wapi?"

Hakumwona mama hata siku moja. Sijui alimpata wapi. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka, na katikati ya kicheko nikapasuka kulia kama mtoto. Hapo akautua ungo, akakaa mkekani ubavuni mwangu.

"Lia," akasema. "Lakini si peke yako. Mzaramo akilia peke yake kwetu, sisi tutauweka wapi uso?"

Niliivua kofia nimpe. Akaikataa. "Hii si yangu. Aliyemzika mama yako ataidai."

Sikumwelewa. Miezi iliyobaki nilitukanwa kila siku na nikanenepa, ila jioni, wakishakwenda zao, upweke ulirudi mahali pake.

Dar es Salaam, siku ya kurudi, niliteremka stesheni nikiangalia pale mama aliposimama. Hamali mmoja akanizuia njia. "Wewe ndiye Saidi wa muuza vitumbua? Nakuja kila treni ya Morogoro. Mama yako alisema nitakujua kwa kofia."

"Wewe nani?"

"Mluguru. Vitumbua vyake nilikula viwili nikalipa kimoja, akanitukana hadi wazee wangu. Kaburi lake nimelichimba mimi. Nikalala ndani nikagoma kutoka, nataka ada yangu ya utani, wakasema ada utaipata kwa mwanawe."

Alikuwa mfupi. Nikainamisha kichwa ili aifikie kofia.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi wa wakfu. Aliniuliza utani ulianzaje, nikamwambia sijui, na wenyewe hawajui. Akaniuliza basi mwaka mzima nimejifunza nini. Hapo hapo akagundua kwamba nimekaa mbele yake kichwa wazi, mtu mwenye ijaza, akaniuliza kwa ukali kofia yangu iko wapi.

Nikamwambia iko kwa ndugu yetu aliyemzika mama.