Mwanika Dagaa wa Kibirizi

Mama yule mwanika dagaa huwageuza dagaa wake kwa viganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Ufuko mzima humwita Mzee wa Kanisa. Pale Kibirizi mvua ikitishia, aliyepo huanua na vya asiyekuwepo; ndiyo desturi. Juzi wingu lilipanda kutoka upande wa Kongo. Akaanua dagaa wake wote, akawafunika turubai, kisha akarudi kukaza kamba ambazo zilikuwa zimeshakazwa. Alipoinua uso, dagaa wa jirani yake Révérienne, aliyempeleka mwanawe hospitali, walikuwa wanaelea kwenye maji ya mvua mchangani. Révérienne alirudi jioni, akachota konzi moja, akanusa. Hakuwa na dagaa wengine.

“Mvua ilikuja mbio, mwanangu,” alisema Mzee wa Kanisa, na alijua haikuwa mbio kiasi hicho.

“Wingu nililiona, mama. Wenzangu kwenye foleni wakanihimiza, kimbia! Nikawacheka. Nikawaambia, sikimbii mie, Mzee wa Kanisa yupo.”

Neno la kuomba radhi lilimfika Mzee wa Kanisa kooni. Mdomo wake, uliozoea kufariji wafiwa, ukasema, “Kazi ya Mungu haina makosa.”

“Amina, mama,” akaitikia Révérienne kwa heshima.