Sanduku la Babu la Kukuzia Picha

Harufu ya siki hunirudisha Carrollton, kwenye bafu letu lisilo na dirisha, ambako babu alisafishia picha kwa dawa zenye harufu hiyo, majira ya baridi niliyotimiza miaka tisa. Alikuwa mpiga picha Unguja kabla mama hajamleta Texas, naye alikuja na sanduku refu la mbao la kukuzia picha kwa mwanga wa jua: filamu upande mmoja, lenzi katikati, karatasi upande wa pili, kisha unalielekeza mbinguni. Alibakiwa na karatasi tano na kipande kimoja cha filamu alichokificha miaka yote, picha pekee ya marehemu bibi. Bibi alifariki mama akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mama hakuijua sura ya mzazi wake. Kwenye filamu rangi huwa kinyume: uso ulikuwa mweusi na nywele nyeupe. Ungekodoa macho na usingemtambua.

"Baba, nipe niipeleke dukani, wata-scan dakika mbili tu," mama alimwomba. Babu akakataa, kwa kuwa bibi alipigwa picha chumbani mwake, kichwa wazi. "Mke wangu hajapata kuonwa nywele na mwanamume asiye maharimu wake, sembuse wa dukani. Nitaisafisha mwenyewe." Mama hakubisha. Alilelewa vizuri, na malezi yale mazuri nayachukia mpaka leo.

Unguja babu alipima muda kwa kusoma sura ya Kulhuwallahu: mara saba, funika. Jua la kule halibadiliki sana, na hesabu ile haikumwangusha maisha yake yote. Mazoea yana taabu. Uani kwetu, Januari, jua likiwa limelala kusini na mwanga wake hafifu, alisoma saba zile zile, na karatasi ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Ya pili vilevile. Akasema dawa imeharibika. Akabadilisha dawa, hakubadilisha hesabu. Ya tano ilitoa kivuli cha bega tu. Mama alikaa ukingoni mwa bafu akaitazama mpaka ikakauka. Juma lile lile babu akaikata filamu kwa mkasi, vipande vidogo vidogo, asije akafa ikaangukia mikononi mwa watu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa babu tumeshamzika, tunaishi mji wa Katy, huko huko Texas, na simu zetu zimejaa picha hadi zinakataa nyingine. Mama huwapitia wajukuu wake simuni mmoja mmoja, akizikuza pua zao na vipaji vya nyuso kwa vidole viwili. "Nani kachukua sura ya mama yangu?" huuliza. Kisha huvuta picha ya mjukuu anayefuata.