Sifuri Tatu za Bi Zena

Sifa zote ni zake Mola aliyeyashusha maji kutoka juu akayafanya riziki ya kila kiumbe, bila kumuuliza ametoka ng'ambo ipi. Namshukuru kwa umri alionipa. Namshukuru na kwa kumbukumbu pia, ingawa hii ninayotaka kukusimulia, kama angeniondolea ningelala vizuri zaidi.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika ile miaka ambayo watu walikuwa wakivuka ziwa kila juma kukimbia vita, huyu na godoro, huyu na kuku, huyu mikono mitupu. Mimi nilikuwa kijana msoma dira za maji. Ninyi mnaita mita. Ni kitu kilekile. Nilikuwa na daftari, kalamu na baiskeli yenye kengele, na mtaa wangu ulikuwa Rusimbi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bilali, msimamizi wetu, mtu wa sala na maneno machache. Alikuwa na desturi moja tuliyoicheka sana sisi vijana. Hakuisoma dira ya mtu kabla ya kupiga hodi, kusalimiana, na kuomba maji ya kunywa ya nyumba ile. Kila nyumba, kikombe.

"Mzee, leo umejaa mpaka wapi?" tulimtania akirudi.

"Mpaka Mwandiga tu, wanangu. Kasulu bado ni mbali."

Halafu husema, "Namba inaniambia maji mangapi. Nikinywa ndipo najua ni maji gani."

Siku ile kulikuwa na mpira redioni, nami sikutaka unipite. Nyumba ya Bi Zena, mjane aliyeishi peke yake, dira yake ilikuwa karibu kabisa na ua wa matete. Ukipenyeza kichwa unaiona bila kuingia. Nikapenyeza. Namba ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaandika sifuri, nikapiga kengele kuwafukuza mbuzi njiani, nikaenda zangu. Nilijiambia bibi amesafiri kwa ndugu zake Ilagala. Mwezi uliofuata ilikuwa sifuri tena, nami nikaandika pembeni: amehama. Hakuna mtu aliyeniambia amehama. Mwezi wa tatu sikusimama hata kidogo. Nilichungulia nikiwa juu ya baiskeli, nikaandika sifuri ya tatu.

Mzee Bilali, alipokuwa akipitia daftari langu, akasimamisha kidole.

"Bi Zena amehama?"

"Amehama, Mzee."

"Nani kakwambia?"

"Dira yenyewe. Haijasogea miezi mitatu."

Akavaa kofia yake. "Chukua baiskeli."

Alipiga hodi mara tatu. Bi Zena akafungua, mgongoni amebeba mtoto mchanga, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa kuzaa miaka mingi. Mzee akamsalimia, kisha kama kawaida yake akaomba maji ya kunywa. Bibi alimtazama, akaingia ndani, akarudi na kikombe.

"Ya ziwani hayo," akasema. "Sina mengine."

Yalikuwa maangavu kama kioo. Mzee akanipa mimi kikombe. "Kunywa."

Kipindupindu kilikuwa mjini wakati ule. Misikitini na makanisani watu walikuwa wakionywa wasinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha. Mkono wangu ulikataa kuinuka.

Ndipo Bi Zena akatueleza. Alikuwa amemficha binti aliyevuka ziwa akiwa mjamzito, jina lake Esperansi. Wageni walitakiwa kwenda kambini, na bibi aliona safari ile itamuua. Bomba likakauka. Ofisini aliogopa maswali. Kwa jirani hakwenda, maana jirani angeuliza mjane mmoja anafanya nini na ndoo tatu. Akawa anachota ziwani alfajiri, anachemsha siku kuni zilipopatikana.

"Nilisikia kengele yako mwezi ule wa kwanza," akaniambia, bila hasira. "Nikamwambia Esperansi, tulia, kijana wa maji amekuja, nitamweleza. Nikawa najifunga khanga nitoke. Nilipofika uani hukuwepo."

Esperansi alikuwa amejifungua mtoto yule, na alikuwa amezikwa siku nne kabla ya sisi kufika. Kuhara kulimmaliza kwa siku mbili tu. "Alikuwa akisema amazi, amazi," bibi akasema. "Kwao na kwetu Waha maji ni neno hilo moja."

Mzee Bilali akachukua spana, akaifungua dira. Chujio lake lilikuwa limezibwa na mchanga. Akalisafisha kwa kidole na kwa maji ya kikombe kile nilichoshindwa kunywa. Bomba likakohoa, kisha maji yakaja. Haikufika robo saa, mwanangu. Bi Zena hakusogeza ndoo. Aliyaacha yamwagike miguuni pake.

Wakati wa kurudi Mzee alikokota baiskeli, hakupanda. Alisema mara moja tu: "Sifuri ulizoandika zilikuwa sahihi zote tatu. Sijui hata nikulaumu vipi."

Nilikwenda baadaye kumwomba Bi Zena radhi. Alinisamehe, kisha akaniomba nisirudi tena. Mtoto alichukuliwa na jamaa zake wakarudi ng'ambo. Sijui kama yu hai.

Wiki iliyopita vijana wamekuja kwangu hapa Ujiji kubadilisha dira. Hii mpya inapeleka namba yenyewe mpaka ofisini.

"Shikamoo, Mzee," akasema msichana aliyewaongoza. "Sasa hatutakusumbua tena na hodi zetu."

"Marahaba. Ikileta sifuri mtafanyaje?"

"Mfumo utaandika hakuna matumizi, Mzee."

Walikuwa watoto wenye adabu na kazi yao safi. Niliwaletea maji ya kunywa. Wakacheka kwa upole, wakanionyesha chupa zao.

Nilibaki kwenye jamvi mpaka adhana. Rehema ya Mola siikatii tamaa, nisingethubutu. Lakini juu yetu sisi watu matumaini yangu ni madogo. Mimi nilikuwa na miguu, na mwalimu, na mlango hatua tano mbele yangu, bado sikuingia. Ziwa lingali linavukwa. Nani ataingia sasa?

Nasaha yangu ni hii, nawe huenda ukaisahau kama nilivyosahau ya Mzee Bilali. Fungeni dira hizo, ni kazi njema. Ila ukiona sifuri kwenye kioo cha kompyuta yako, inuka, nenda mpaka mlangoni, piga hodi mpaka mtu aitike, uombe maji ya nyumba ile uyanywe. Mpira ukikupita, ukupite.

Mola akujaalie, wewe unayesoma haya, maji safi nyumbani kwako na masikio ya kusikia aliye ndani. Amlaze Esperansi pema. Na siku utakapokuwa wewe nyuma ya mlango uliofungwa, akuletee mtu atakayeshuka kwenye baiskeli. Amina.