Spika Iliyoitwa Kafara

Shemeji yangu ni fundi wa mizani, na mtu wa mizani haamini kitu kinachoteleza. Ndiyo maana alikichukia kitufe cha sauti cha amplifaya yake. Kilikuwa kimechakaa, ukikigusa hakifanyi kitu, ukikigusa tena sauti inafyatuka. Siku ilipofyatuka, dada yangu alikuwa ametoka kupasuliwa sikio. Alianguka kwa kizunguzungu, akatapika. Daktari akaonya: kelele nyingine kama ile, na sikio hilo, ambalo ndilo pekee linalosikia, huenda likafa kabisa.

Tangu hapo muziki ulikoma nyumbani mwao, na dada ni mwalimu wa kwaya.

Shemeji akaamua kuunda kitufe cha sauti cha ngazi: swichi ya kuzungusha yenye vituo vingi, na baina ya kituo na kituo rezista yake, kijidude cha kupunguza umeme. Kila kituo sauti inapanda kidogo tu, haitelezi wala hairuki. Alipima rezista moja moja, zilizopishana kipimo akazitupa. Nikamtania kwamba akipata mjukuu atampima kwanza ndipo ampokee. Hakucheka. Alikuwa na hofu, nami niliiona.

Siku ya kujaribu, dada aliketi mbele ya spika kubwa, mikono mapajani, wimbo wa kwaya yake ukiwa tayari kupigwa.

"Mzee, washa. Nimengoja vya kutosha."

"Kafara kwanza," shemeji alisema.

Kafara ilikuwa spika kuukuu ya gari. Kila alichounda alikijaribia hapo kwanza, uani, ili kama ni kuua kiue Kafara.

"Si umepima mwenyewe? Unaogopa nini tena?" dada aliuliza.

Nami kwa ujinga wangu nikadakia, "Shemeji, utatuzeesha hapa."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika penye kitufe cha kuwashia. Alimtazama mkewe, akachomoa nyaya, akabeba mzigo wote hadi uani. Nilimfuata, tukafunga milango miwili nyuma yetu. Alizungusha swichi kushoto kabisa, mahali pa kimya, akawasha.

Kafara ilinguruma mara moja tu, karatasi yake ikachanika.

Nilirudi ndani mbio, roho juu. Dada alikuwa amekakamaa, kiganja sikioni.

"Sema kitu," aliniambia.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia."

Nilikaa sakafuni.

Kosa lilikuwa la kukera. Alilehemu akiitazama swichi kwa nyuma, na kwa nyuma kulia ni kushoto. Ngazi zilikuwa sahihi zote, ila alikuwa ameanzia juu. Shemeji alitaka kuitupa.

"Igeuze," dada alisema.

Akaigeuza, akaijaribu kwenye spika kubwa dada akiwa nje, ikatii. Lakini dada alipoketi tena na kushika swichi, aliiachia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Shemeji hakumhimiza. Alipiga magoti, akabandika sikio lake kwenye kitambaa cha spika.

"Zungusha wewe. Kama ni kuuma, iniume mimi kwanza."

Dada akazungusha kituo kimoja. Kimya. Cha pili, cha tatu. Shemeji alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka shingoni. Dada akasogeza kimoja tena, akainamisha kichwa upande wa sikio lake linalosikia, akangoja.

"Mzee," alisema polepole, "toa kichwa hapo. Unanizibia."