Pikipiki ya Hiza na Jogoo wa Mtani

Marehemu mume wangu, Hiza Mustafa, hakuiba pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni Handeni na stendi ya Korogwe, na lilipoanza kusemwa nilikuwa ndani ya eda, sina ruhusa ya kutoka kwenda kumjibu mtu. Sasa eda imekwisha. Nimefundisha historia sekondari muda wa kutosha kujua kwamba uongo usiojibiwa mapema hugeuka kuwa kumbukumbu ya watu. Naujibu.

Wanasema aliiba kwa Mzungu wa mkonge, akakiri mwenyewe, na siku ya mazishi familia ikatoa jogoo kuwa faini ili aibu izikwe pamoja naye. Wengi wanaosema hivyo hawakuwapo. Wameona video.

Hiza alikuwa fundi. Alizaliwa hapa Handeni, akajifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, kwenye korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge yabaki nyuzi. Huko ndiko alikokutana na Lukasi. Lukasi ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa kukata mkonge, na wao wakabaki. Hiza ni Mzigua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo tangu siku ya kwanza wawili hawa walitukanana asubuhi na kula sahani moja mchana. Shamba lilipopunguza watu walifungua karakana yao Manundu, mjini Korogwe. Chakula cha nyumbani kilitoka kwenye bodaboda: kubadili cheni, kuziba pancha, kusafisha kabureta. Moyo wa Hiza ulikuwa kwingine.

Ulikuwa kwenye pikipiki kuukuu za Kiitaliano. Alianza na Vespa ya katekista mmoja, iliyokuwa imelala bandani hadi kuku wakaifanya kiota. Aliifungua yote, akaipanga kwenye turubai kipande kwa kipande, na kwa muda mrefu nyumba yangu ilinuka mafuta ya taa. Ilipotoka ilikuwa ya rangi ya maziwa na inawaka kwa kiki moja. Baada ya hapo watu wakaanza kumletea nyingine kutoka Tanga, hata Arusha. Kipuri kisichopatikana alikichonga. Na hakuzirudisha zilivyokuwa tu. Alinyanyua madigadi ili tope lisikwame, akaongeza spring, akaweka keria ya kubeba gunia. Nilimuuliza kwa nini asiiache kama ilivyotoka kiwandani.

"Mama Yusra," alisema, "Mtaliano aliitengeneza kwa lami yake. Mimi naitengeneza kwa mashimo yetu."

Sasa, hiyo pikipiki inayozungumzwa. Hiza alikuwa kwenye basi akirudi nyumbani kutoka Korogwe. Basi liliposimama Sindeni kushusha abiria, alisikia mashine ya kusaga ikifanya kazi nyuma ya nyumba za barabarani. Mlio wake ulikuwa wa polepole, tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga bila haraka. Akashuka. Kondakta akamwambia hapa si kwako, mzee. Akajibu, "Hapa ni kwangu leo."

Mwenye mashine alikuwa Mzee Mdoe, mkulima wa pale pale Sindeni. Kinu chake cha mahindi kilikuwa kinazungushwa na injini ya pikipiki, Moto Guzzi ya zamani, ile ambayo silinda yake imelala kuelekea mbele na ina gurudumu zito la chuma linalozunguka wazi ubavuni. Mzee Mdoe aliinunua kama chuma chakavu wakati shamba la mkonge la Mzungu mmoja lilipofungwa na mali yake kuuzwa hadharani, watu wakishuhudia. Fremu nayo alikuwa nayo. Ilikuwa mlango wa zizi la mbuzi.

Hiza alikaa chini mbele ya zizi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha wakapatana. Alimfungia Mzee Mdoe injini ya dizeli kwenye kinu, akamtengenezea mlango wa zizi wa mbao, akachukua injini, fremu na vipande vyake vilivyobaki. Sindeni nzima ilikuwa pale. Kinu kinasaga mpaka leo. Huo ndio wizi wenyewe.

Aliileta kuifanyia kazi hapa nyumbani Handeni, chini ya kibanda cha bati, kila aliporudi mwisho wa juma. Tangi alilinyoosha mabonde kwa nyundo ya mbao, akalipaka wekundu wa damu ya mzee. Hiyo aina ilitoka na kiti kimoja cha spring. Yeye akaongeza cha pili nyuma, kipana, akakijaza nyuzi za mkonge na kukivika ngozi, na pedeli zake akazishusha chini kuliko kawaida. Niliuliza za nani.

"Zako. Magoti yako hayakunjiki vizuri."

"Mimi, mwalimu mstaafu, nipande pikipiki watu wakiniona?"

"Watakuona umekaa vizuri."

Kitu kimoja kilikosekana. Magneto yake, kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia injini, ilikuwa imechakaa kwa miaka ya kusaga mahindi. Lukasi aliichukua kuipeleka kwa fundi wa kusuka waya, Tanga. Hiza alisubiri. Kila jioni ya Jumamosi aliifuta pikipiki isiyowaka kana kwamba imetoka safari.

Alfajiri ya Ijumaa alianguka akitoka kutawadha. Presha, walisema hospitali. Nilikuwa bado nimeshika kandambili zake mkononi wakati daktari anazungumza, na nakumbuka niliendelea kuzishika mpaka nyumbani, mtu akaja kunipokonya.

Tulimzika siku ile ile baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa chumbani na wanawake, tunasoma. Jeneza lilikuwa uani. Wanaume wamesimama tayari kulinyanyua. Ndipo nikasikia. Tu. Tu. Tu.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami alipiga kelele "Hiza!" na mwingine akaangusha msahafu akaurukia kuuokota. Yusra, binti yetu, alinitazama usoni kama mtoto mdogo anayeniuliza ni nini. Pikipiki ile haikuwa na roho, na mwenye kuipa roho alikuwa ndani ya sanda.

Nilifika dirishani. Lukasi alikuwa amevaa ovaroli ya Hiza, kofia ya Hiza, na miwani ya Hiza aliyoifunga kwa uzi. Ameipanda pikipiki nyekundu, ameiweka katikati ya lango, hapiti mtu. Magneto ilikuwa imefika asubuhi ile. Alikuja nayo mfukoni kumshtua rafiki yake, akakuta msiba. Wakati sisi tunaosha maiti, yeye alikuwa kibandani anaifunga.

"Mimi ndiye Hiza!" alipiga kelele, anakohoa kama alivyokohoa Hiza. "Enyi Wazigua wavivu, mnanipeleka wapi? Mmemvalisha mwizi sanda nyeupe! Pikipiki hii nimeiiba kwa Mzungu! Nimeiba na spana za Lukasi, nimekula na ugali wake! Sizikwi!"

"Mtani, toka njiani, jua linakwenda," shemeji yangu alisema.

"Jogoo yuko wapi? Mwizi hazikwi bila jogoo!"

Watu wa hapa walikuwa wanacheka huku wanalia. Ndivyo inavyokuwa. Mtani huja msibani kumtukana marehemu ili wafiwa wapumue, na hupewa kitu ili apishe. Hajibiwi kwa hasira, wala haambiwi kwamba anayosema si kweli. Ukikana, umegeuza mzaha kuwa shtaka. Basi nikamtuma shemeji akakamate jogoo mwekundu. Lukasi akampokea, akamfunga kwenye keria, akazima injini. Kisha akaweka kichwa juu ya tangi na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyepiga video ya hapo.

Uani pale alikuwapo Bi Rukaya, mama wa Muhsin, kijana mwenye miwani aliyekuwa amemposa Yusra. Walitoka Dar es Salaam kuja kuzika nasi, na nawashukuru. Lakini Bi Rukaya amekulia mbali na mila hii. Alisikia mtu anasema wizi mbele ya jeneza, akaona familia imenyamaza, akaona shemeji yangu anatoa jogoo. Akajumlisha kwa hesabu ya kwao.

Video ilikatwa ikabaki "pikipiki hii nimeiiba" na mkono wa shemeji ukitoa jogoo. Ilinifikia kwenye kundi la walimu wastaafu, imetumwa na mtu niliyefundisha naye. Mume wangu alizunguka mkoa mzima akiwa mwizi, na mimi nimekaa ndani na kaniki yangu. Kisha ukaja ujumbe kutoka Dar: ndoa ya Yusra isubiri mpaka jambo la pikipiki lieleweke.

Eda ilipokwisha niliwaita. Bi Rukaya alikuja na Muhsin. Nilimwita Mzee Mdoe kutoka Sindeni na Lukasi kutoka Korogwe. Nilipika wali, nikatandika mkeka mpya.

Mzee Mdoe hakuzunguka. "Mama, injini ilikuwa yangu. Nilinunua watu wakiona. Nilimpa Hiza watu wakiona. Kama hiyo ni kuiba, basi na mbuzi wangu ni mashahidi, maana mlango ulikuwa wao."

Muhsin alicheka. Mama yake alimtazama. Kisha Bi Rukaya akasema, kwa upole, "Sawa, mzee, nimekuelewa. Basi huyu baba aliyesema maneno yale aombe radhi hapa mbele yetu, tumrekodi, na hiyo video nayo isambae. Yaishe. Arusi ifungwe."

Nilimwangalia Lukasi. "Mama," alimwambia Bi Rukaya, "mimi kwa ajili ya Yusra nitapiga hata magoti. Lakini nikiomba radhi, nitakuwa nimemtukana kweli. Sikumtukana. Nilikuwa namsindikiza."

"Maneno tu, baba. Yanakugharimu nini?"

Akaanza kunyanyuka. Alikuwa tayari kufanya. Nikaona kwamba akisimama, siku ile ya mazishi itageuka. Kicheko cha watu uani kitakuwa kicheko juu ya mwizi. Jogoo atakuwa faini. Na Hiza atakuwa amesindikizwa na adui.

"Kaa chini, Mnyamwezi," nikasema. "Nani amekuruhusu kuwa na adabu nyumbani kwangu?"

Akakaa. Mzee Mdoe akakohoa kuficha kicheko.

Bi Rukaya alishtuka. "Mwalimu, unaelewa unachokataa?"

"Naelewa."

Nilimgeukia Yusra. Nilikuwa naogopa uso wake kuliko kitu chochote. Yeye alikuwa anampakulia Lukasi wali mwingine. "Kula, mtani," alimwambia, "umekonda kwa kuiba spana zako mwenyewe."

Bi Rukaya alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kugusa chakula. Muhsin alimfuata mpaka kwenye gari. Kabla ya kupanda aligeuka akatazama kibanda, kule ilikosimama pikipiki, akatazama muda mrefu. Haukupita muda, posa ilirudishwa kwa mkono wa mshenga. Nilijua inaweza kurudi, na bado ilipowekwa mbele yangu nilikaa sakafuni.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hiza Mustafa alikuwa fundi, alipata kila alichokuwa nacho mchana kweupe, na alizikwa na mtani wake kwa heshima yote inayompasa Mzigua.

Watu hawatosheki. Sasa wanauliza yule kijana mwenye miwani, wa kutoka Dar, anayeonekana karakana ya Manundu siku za Jumamosi akimshikia Lukasi spana, anatafuta nini Korogwe. Wanauliza Yusra alikuwa anacheka nini naye stendi. Na kuna wanaodai wameiona pikipiki nyekundu barabara ya Sindeni, Lukasi mbele, na kwenye kiti kipana cha nyuma mama mmoja mtu mzima amejitanda khanga, amekaa vizuri.

Sitajibu. Nilichotaka kusahihisha nimesahihisha. Anayekuja kwangu kuuliza zaidi atapewa maji ya kunywa, kisha ataonyeshwa lango.